Mpangaji Asiyenyamaza

3 Februari

Mke mwenzangu,

Shikamoo yako imefika, marahaba sana, ingawa uliiandika kwa haraka kama mtu anayekimbilia basi. Sisi huku wazima. Mama yako alinipitia wiki iliyopita, amenenepa. Mwambie wewe, maana mimi nikisema anasusa. Mjomba wako bado anaimba wimbo wake uleule: nihamie kwake, chumba kipo, televisheni ipo, na msichana wa kunipikia yupo. Nimemjibu kwamba chumba ninacho, na cherehani yangu haijazoea kuishi kwa watu.

Umeuliza kwa nini sipokei simu. Simu imeharibika. Kuwaka inawaka, ila watu wanaongea kama wamo ndani ya pipa. Wewe niandikie tu. Barua haikoromi, na naweza kuisoma nikiwa na pini mdomoni.

Sasa habari yenyewe. Tangu babu yako atangulie umekuwa ukinisumbua nitafute wa kunichangamsha. Haya, nimempata. Nilimpelekea daktari wa mifugo suruali zake nilizompunguza kiuno, nikamkuta ana mbwa mzee, kahawia, mvi mpaka kwenye kope. Mwenyewe amefariki na hakuna wa kumchukua. Daktari akanieleza maneno marefu juu ya huyo mbwa, mimi nikaitikia ndiyo, ndiyo, maana kuku wa watu walikuwa wanapiga kelele pale na nilitaka kurudi kwenye kazi zangu. Mwisho akanishika bega akasema, "Huyu atakufaa, mama."

Jina lake silijui. Nimemjaribishia majina yote, hata ya shemeji zangu, haitikii hata moja. Namwita Mpangaji, kwa sababu anakaa na analalamika.

Na kulalamika kwenyewe! Anabweka, mke mwenzangu. Anaubwekea mlango, analibwekea dirisha, kisha anakuja kunibwekea mimi usoni. Nikigeuka kutazama, hakuna kitu. Mwenye nyumba, si unajua anakaa chini yangu, ameshapanda ngazi na mkono kiunoni kunieleza kuwa mjukuu wake mchanga hapati usingizi. Nimemwomba radhi, lakini sijui nitamwomba mpaka lini. Wewe uliyesoma, nifanyeje?

Bibi yako


15 Februari

Bibi yangu,

Shikamoo. Mimi mzima, ila mikono imejaa grisi hata sabuni inanikimbia. Tumepewa jengo jipya la kutunza, ghorofa nyingi na lifti mbovu, na wapangaji wake wakitukuta kwenye ngazi wananitazama mimi kisha wanamuuliza mwenzangu, "Fundi yuko wapi?" Nimeacha kukasirika. Nawajibu kwamba fundi anakuja, halafu naingia chini ya lifti.

Nimefurahi umepata mwenzio, na nimeingiwa na wasiwasi hapohapo. Ninavyomjua mwenye nyumba wako, akisema mara ya tatu hasemi tena, anatenda. Mtoe Mpangaji asubuhi atembee mpaka achoke. Mpe mfupa wa kutafuna. Mbwa mzee aliyebadilishiwa nyumba huwa anaogopa, na woga wake unatokea mdomoni. Ikishindikana, Bibi, mrudishe kwa daktari. Si aibu.

Ila kwanza nisaidie jambo moja. Mkuu wetu wa zamu ana msemo wake: "Usiniambie inasumbua, niambie inasumbua lini." Basi niambie, anabweka lini? Kabla hajaanza, kunakuwa kumetokea nini?

Na hiyo simu mpelekee fundi aitazame, nakuomba. Nikikukosa kwa sauti silali vizuri. Mama anasema hata siku ile mlipokuwa wengi kwa mjomba ulikaa kimya, unatabasamu tu. Wewe, kimya? Nilimwambia labda alikwenda kumsalimia bibi mwingine.

Mjukuu wako


1 Machi

Mke mwenzangu,

Marahaba. Mama yako amekosa la kuandika. Pale kwa mjomba wako watu wanaongea wote kwa pamoja kama kuku waliomwagiwa mahindi, ningeongea saa ngapi? Mwache.

Kumrudisha siwezi. Nilikwenda kwa daktari kuulizia tu, nikamwomba aniandikie jibu kwenye karatasi eti miwani yangu na midomo ya watu haipatani. Akaandika kwamba mbwa wa umri ule hapati mtu wa pili, na akirudi ni sindano ya mwisho. Nilirudi nyumbani nimeshika kamba yake kwa nguvu utadhani kuna aliyekuwa akininyang'anya.

Umetaka kujua anabweka lini. Anabweka bila sababu, ndiyo nakwambia! Jumatatu nilikuwa natia pindo gauni la harusi, akaubwekea mlango mpaka mate yakamtoka. Nikamwambia nyamaza, sikunyanyuka. Kesho yake mama wa bibi harusi ananijia amenuna, eti alikuja jana akagonga hadi vidole vikamuuma. Uongo mtupu. Nilikuwepo ndani kutwa.

Siku nyingine nimeweka birika la chai jikoni nikarudi kwenye cherehani. Huyo, kanijia, ananibwekea, anakwenda jikoni, anarudi. Nikamfungia nje kwenye ngazi. Nikaja kushtuliwa na harufu, birika limekauka maji, kitako kimekuwa cheusi. Ndivyo anavyonivuruga akili mpaka nasahau kazi zangu.

Na juzi alilibwekea dirisha, kumbe mwenye nyumba alikuwa uani ananiita nianue nguo, mvua inanyesha. Nguo zimelowa, za wateja. Mwenye nyumba alipanda amelowa na yeye. Safari hii hakupiga kelele, alisogea karibu akasema polepole, "Mwisho wa mwezi. Ama huyu anyamaze, ama aondoke. Na kama hamwezi kuachana, muondoke wote."

Nikitoka hapa, unajua ninakwenda wapi. Kwa mjomba wako, nikatazame televisheni mpaka nife. Kwa hiyo nimepata dawa. Nina kipande cha jinzi na mpira wa kiunoni, nitamshonea kifunga mdomo. Fundi ni fundi.

Usimwambie mjomba wako habari hizi.

Bibi yako


12 Machi

Bibi yangu mpenzi,

Shikamoo. Nimeisoma barua yako kwenye ngazi za kazini, nikaisoma tena nyumbani, na bado naigeuzageuza.

Nikupe kisa cha kazini. Jengo moja la zamani, kengele ya dharura ya lifti ilikuwa inalia kila mara. Wapangaji wakalalamika. Msimamizi wa jengo akapanda na koleo akaukata waya wake, jengo likatulia, akasifiwa kweli. Wiki hiyohiyo mama mmoja mjamzito akakwama ndani ya lifti, akabonyeza kengele kutwa nzima. Tulimtoa mzima, Mungu mkubwa, lakini sura yake siisahau. Kengele haikuwa na ubovu wowote. Lifti ndiyo iliyokuwa inakwama kidogokidogo kila siku, na kengele ilikuwa inasema ukweli kwa watu wasiotaka kuamka kutazama.

Nakuomba usimfunge mdomo. Sitasema zaidi ya hapo kwenye karatasi. Nakuuliza tu, lile birika la filimbi nililokununulia, lile lililokuwa likipiga kelele mpaka babu akilitukana, bado ndilo unalotumia?

Nijibu upesi.

Mjukuu wako


14 Machi

Mke mwenzangu,

Sijapata barua yako, lakini nina furaha siwezi kusubiri. Kimekamilika! Jinzi nje, flaneli ndani asichubuke, kishikizo nyuma ya shingo. Maji anakunywa vizuri, kubweka hawezi. Nimekishona kwa mshono mara mbili. Ungekiona ungesema kimetoka dukani.

Mwenye nyumba amekuja mwenyewe kunishika mkono. Mteja wa gauni la harusi ameniongezea kazi ya wasimamizi wote. Nyumba imetulia.

Imetulia kupita kiasi, nikwambie kweli. Nikimvua ale, hali. Ananitazama, anatazama mlango, ananitazama tena, kisha analala na uso wake ukutani. Jana alikuja kunigonga goti kwa kile kifunga mdomo, akagonga, akagonga. Nikamsukuma. Baadaye nikakuta bomba limeachwa wazi na maji yamefika chini ya kabati. Sijui ni mimi niliyeliacha.

Dada wa marehemu mwenye mbwa ameniletea salamu kwamba atakuja kumtazama siku moja. Naona haya namna gani nitamwonyesha mbwa aliyefungwa mdomo. Labda nitamvua siku hiyo.

Bibi yako


25 Machi

Bibi,

Shikamoo. Barua zetu zimepishana njiani, na sasa naogopa.

Nilitaka kulisema hili nikiwa mbele yako nimekushika mkono. Lakini likizo yangu ni Mei, na Mei ni mbali. Mama wa bibi harusi hakusema uongo, aligonga. Birika lilipiga filimbi, maana ndilo lilelile. Mwenye nyumba alikuita. Simu yako ni nzima. Kila mara Mpangaji alipobweka palikuwa na kitu, na kila mara aliyekosa kukisikia ni wewe.

Husikii, Bibi yangu. Nadhani unajua, na nadhani umejua siku nyingi, na unanyamaza kwa sababu ya mjomba. Sitamwambia. Nakuapia kwa kaburi la babu, kutoka kwangu halitoki. Lakini mvue mbwa huyo kile kitu leo. Usimalizie hata ushonaji ulio mkononi. Nyanyuka umvue.

Nisamehe kama nimekukosea adabu.

Mjukuu wako


10 Aprili

Bibi,

Shikamoo. Sijapata jibu. Kama umenikasirikia, niandikie matusi tu, nitayapokea kwa mikono miwili.

Jana nilimpigia mwenye nyumba. Nikamuuliza, Bibi hajambo? Akasema, "Yupo. Atakuandikia mwenyewe akiweza." Akiweza nini? Nikamuuliza, akasema umemkataza wewe mwenyewe. Leo nimeweka bisibisi kwenye mkoba wa chakula na chakula kwenye sanduku la vifaa. Mwenzangu amenirudisha nyumbani, kasema mtu wa namna hii asiguse waya.

Nakuomba neno moja tu.

Mjukuu wako


18 Aprili

Mke mwenzangu,

Usihangaike, mimi mzima. Mwandiko huu mbaya ni kwa sababu karatasi inanikimbia, mkono wa kushoto umefungwa plasta ngumu na hauwezi kuishikilia.

Barua yako ya kengele niliipata, nikaielewa, nikaikasirikia. Ile ya pili niliisoma nimesimama, nikaitia chini ya cherehani, nikasema mtoto huyu amekuwa mkubwa wa kunivua nguo. Na Mpangaji sikumvua kitu. Nilikuwa namkomoa nani? Mbwa? Ndiyo hivyo, nilikaidi.

Jumamosi nikamtoa kutembea, kifunga mdomo chake kipo, na mabega nimeyapandisha juu. Tukashika kile kichochoro cha nyuma ya duka la vifaa vya ujenzi. Akaanza kuvuta kamba. Nikavuta na mimi. Akageuka akanigonga mapaja kwa kichwa, nikamkemea. Mara akajilaza mbele ya miguu yangu kama gogo, nikamkwaa, nikaanguka ubavuni kwenye rundo la kokoto na mkono ukalia kah, hiyo niliisikia mpaka kwenye meno.

Nilipoinua kichwa nikaona lori la mchanga. Lilikuwa linarudi nyuma, limesimama, na gurudumu lake lipo juu ya kiatu changu kilichonivuka. Kiatu tu, mke mwenzangu. Mguu haukuwemo.

Watu wakajaa. Wengine wameokota mawe wampige mbwa aliyemwangusha mama wa watu. Dereva akashuka mbio. Akaniinamia karibu kabisa, nikayaona maneno kwenye midomo yake: "Mama, nimepiga honi mpaka watu wametoka madukani. Kila mtu kageuka. Wewe tu ndiye hukugeuka."

Nikamwangalia Mpangaji. Mbavu zinakwenda mbio, macho yamemtoka, na ile jinzi yangu nzuri imelowa mate tangu mwanzo mpaka mwisho. Alikuwa anabweka humo ndani muda wote. Nikamwambia dereva akate, kata, chukua mkasi kwenye mkoba wangu ukate. Nikalia pale chini, mtu mzima mimi, si kwa ajili ya mkono.

Sisikii. Haya, nimeandika. Lilianza babu yako akiwa hai, yeye alikuwa ananisikilizia na hakuna aliyejua. Alipoondoka nikabaki naotea midomo ya watu. Nikaogopa kwamba siku mtakapojua, mtanibeba na cherehani yangu kama mzigo, kila mtu kwa mapenzi yake.

Dada wa marehemu alikuja nikiwa kitandani. Mpangaji akabweka kuelekea mlango, mwenye nyumba akamfungulia, na yule mama, kabla hata ya kunisalimia, akainua kiganja wazi akakiweka juu ya kichwa cha mbwa. Akanyamaza hapohapo! Akajilaza, mkia unapiga sakafu. Akanieleza polepole, uso kwa uso. Kaka yake alikuwa fundi viatu, kiziwi tangu utotoni. Mbwa huyu ndiye aliyekuwa akimwambia mteja kaja, maji yanachemka, mtu anaita. Kile kiganja maana yake nimepata, asante. Asipokiona hawezi kuacha, anadhani hujaambiwa. Jina hana, kwa sababu hakuna aliyewahi kumwita kwa mdomo.

Akasema, "Lakini si daktari alikueleza yote haya?" Alinieleza, mke mwenzangu. Alinieleza pale katikati ya kuku, nami nikaitikia ndiyo, ndiyo. Yule daktari alikuwa ameshaniona masikio yangu siku nyingi, ndiyo maana akasema atanifaa.

Mwenye nyumba nimemwambia mwenyewe. Akakaa kitandani kwangu, akasema miaka yote hii akinisalimia kwenye ngazi akadhani naringa. Tukacheka mpaka plasta ikauma. Mpangaji sasa anabweka mara mbili, napandisha kiganja, basi. Mtoto wa chini analala.

Amebaki mjomba wako. Huyo bado ananitisha.

Bibi yako


27 Aprili

Bibi yangu,

Shikamoo, shikamoo, shikamoo. Nimelia kwenye lifti kati ya ghorofa na ghorofa, mahali pazuri sana pa kulilia, hakuna anayeingia.

Ahadi niliyokupa sijaivunja. Mjomba hajui kitu kutoka kwangu. Lakini plasta ataiona, na akiiona atakuja na gari. Umwambie wewe kabla hajaambiwa na mwingine. Mei nakuja, twende pamoja kwa daktari wa masikio, na safari hii ukiitikia ndiyo, ndiyo, nitakufinya.

Naogopa nitafika nikute chumba kitupu. Niambie sitakikuta hivyo.

Mjukuu wako


6 Mei

Mke mwenzangu,

Marahaba tatu.

Mjomba wako amekuja, na gari, na vijana wa kubeba. Nilimwambia ukweli wote mlangoni. Akasema, "Ndiyo maana, Mama. Huwezi kukaa peke yako." Vijana wakaishika cherehani. Niliiona inainuliwa, moyo wangu ukainuka nayo.

Nikamwambia, mwanangu, toka nje, mimi nitageukia dirishani, ugonge unavyotaka wewe. Akatoka. Najua alivyo mkaidi, kaurithi kwangu. Nikasimama nikiutazama ua, sisikii kitu, nasali. Mpangaji akabweka mara mbili, akaja kunigusa goti. Nikampa kiganja, nikaenda kufungua.

Mjomba wako alikuwa amesimama pale na ukucha wake mmoja bado uko mlangoni. Alikuwa amegonga kwa ukucha! Alinitazama, akamtazama mbwa, akawageukia vijana akawaonyesha kwa mkono: rudisheni mahali pake. Kisha akapiga magoti, mtu mzito yule, akaweka kiganja kwenye kichwa cha Mpangaji, ingawa yeye alikuwa hajaambiwa kitu.

Kifunga mdomo, vipande vyake ninavyo. Mkono ukipona nitavishona viwe mfuko wa pini.

Njoo. Ukifika usinipigie kelele kutoka uani, na usisukume mlango kama polisi. Gonga kama mtu anayegonga kwao. Nitaambiwa.

Bibi yako